Uyoga Rafu na Safari ya Majina Yake: Historia ya Uainishaji na Funzo kwa Waundaji wa Istilahi

UTANGULIZI

Katika kazi ya kusanifisha istilahi yako maneno yanayopita mikononi mwetu bila ubishi, na yako mengine ambayo, pindi yakiguswa, hudhihirisha kwamba nyuma yake imesimama elimu nzima iliyogeuka mara kadhaa. Neno "uyoga" ni moja katika hayo ya pili. Mwalimu akiulizwa darasani iwapo uyoga ni mmea, aghalabu hujibu kwamba ndiyo, kwa kuwa huota na haitembei. Mfasiri naye akikutana na maandishi yanayohusu kuvu zinazoozesha miti hujikuta akiandika "uyoga" mahali pamoja, "kuvu" mahali pengine, na "ukungu" mahali pa tatu, ilhali mwandishi wa asili alikuwa akizungumzia kiumbe kile kile kimoja.

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya uainishaji wa kundi moja la kuvu, nalo ni lile la uyoga mgumu unaochomoza ubavuni mwa mti au gogo mithili ya rafu iliyopigiliwa ukutani. Yeyote aliyepita msituni, au aliyetazama kwa makini mwembe uliozeeka, ameuona. Hauna mwavuli na aghalabu hauna mguu. Upande wake wa juu ni mgumu kama gome, na upande wa chini una vitundu vidogo vidogo visivyohesabika. Katika maandishi yetu hutajwa kwa maelezo zaidi kuliko kwa jina. Kabla hatujaupa jina, inafaa tujue wengine waliuitaje, walikosea wapi, na makosa yao yaliwagharimu nini.

KIUMBE CHENYEWE

Jambo la kwanza ambalo msomaji hana budi kulishika ni kwamba ile rafu inayoonekana si kiumbe kizima. Ni kiungo cha uzazi tu, kama lilivyo embe kwa mwembe. Kiumbe chenyewe kimo ndani ya mti, katika umbo la nyuzi nyembamba mno zinazopenya kwenye mbao, zikitoa vimeng'enya na kufyonza chakula kilichoyeyushwa. Nyuzi hizo zaweza kuishi ndani ya shina kwa miaka mingi kabla rafu ya kwanza haijatokeza nje. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Na mti unaoliwa na kuvu hizi aghalabu huonekana mzima hadi siku utakapoangushwa na upepo.

Mbao zimejengwa hasa kwa selulosi, ambayo ni nyuzi za kuupa mti uimara wa kuvutika, na lignini, ambayo huzigandamanisha nyuzi hizo kama saruji igandamanishavyo kokoto. Kuvu za aina moja huila selulosi na kuiacha sehemu kubwa ya lignini, na mbao hubaki za rangi ya hudhurungi, zikikatikakatika vipande vya mraba. Kuvu za aina nyingine huweza kuivunja hata lignini, na mbao hubaki nyeupe na laini kama sifongo. Uwezo huu wa pili ni adimu katika viumbe. Bila ya huo magogo ya misituni yangelundikana kwa muda mrefu kupita kiasi. Mwaka 1983 wanasayansi wa Marekani walitangaza kupatikana kwa kimeng'enya kimojawapo kinachofanya kazi hiyo, nacho walikipata katika kuvu ya mbao iitwayo Phanerochaete chrysosporium.

Kutoka katika vitundu vya upande wa chini hudondoka spora, ambazo ni chembe ndogo za uzazi. A. H. R. Buller, aliyekuwa mtaalamu wa kuvu nchini Kanada, alikadiria mwaka 1922 kwamba rafu moja kubwa ya spishi iitwayo Ganoderma applanatum hutoa spora zipatazo bilioni 30 kwa siku, tena kwa miezi kadhaa mfululizo. Katika wingi huo ni chache mno zinazobahatika kuangukia jeraha la mti na kuota.

JINA LA KALE LILILOHAMA

Wayunani wa kale waliijua kuvu moja ya namna hii, iliyoota juu ya mti wa milimani wa ukoo wa misonobari, nao wakaitumia kama dawa. Tabibu Dioscorides, aliyeandika katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliitaja kwa jina la "agarikon", na akahusisha jina hilo na nchi ya Agaria. Inapendeza kuona kwamba hata yeye hakuwa na hakika ya kiumbe hicho kiwekwe wapi: alieleza kwamba wapo waliosema kuwa ni mzizi wa mmea, na wapo waliosema kuwa hutokana na kuoza kwa mti. Swali la kwamba je, ni mmea au si mmea, lina umri wa karibu miaka elfu mbili.

Warumi nao walikuwa na neno "boletus". Kwao lilikuwa jina la uyoga laini wa kuliwa, uliopendwa katika karamu za wakubwa, wenye mwavuli na mbamba nyembamba chini yake zilizopangika kama kurasa za kitabu.

Sasa msomaji na atazame yaliyotokea. Mtaalamu wa Uswidi Carl Linnaeus, alipochapisha kitabu chake Species Plantarum mwaka 1753, alizigawa kuvu kubwa kwa kutazama upande wa chini. Zenye mbamba kama kurasa aliziita Agaricus. Zenye vitundu aliziita Boletus. Zenye miiba aliziita Hydnum. Hivyo jina la agarikon, lililokuwa la rafu ngumu yenye vitundu, likapewa uyoga laini wenye mbamba; na jina la boletus, lililokuwa la uyoga laini wenye mbamba, likapewa zile zenye vitundu. Majina mawili yakabadilishana nyumba. Kwa muda mrefu baada ya hapo wauza dawa wa Ulaya waliendelea kuiita ile kuvu ya zamani "agariki", wakati wataalamu wa mimea walikuwa wakimaanisha kitu kingine kabisa kwa neno hilo hilo.

Hili ni funzo la kwanza kwetu. Neno la zamani likichukuliwa na kupewa maana mpya pasipo kuangalia wale wanaolitumia bado, hakuna sheria itakayowafanya waliache kwa siku moja. Maana mbili zitaishi sambamba, na atakayeumia ni yule anayesoma maandishi ya pande zote mbili, yaani mfasiri.

MICHELI NA LINNAEUS: MBEGU AU VURUGU?

Kabla ya Linnaeus alikuwapo Mwitaliano Pier Antonio Micheli wa Florence. Katika kitabu chake cha mwaka 1729 alieleza namna alivyochukua vumbi la spora za kuvu na kulipandikiza juu ya vipande vya tikiti na matunda mengine, na kuona kuvu za namna ile ile zikiota. Jaribio hilo lilionyesha kwamba kuvu huzaliwa na kuvu mwenziwe, wala haichipuki yenyewe kutokana na uozo. Ni Micheli pia aliyelitumia jina Polyporus, ambalo kwa Kiyunani maana yake ni "mwenye vitundu vingi".

Lakini ushahidi wa Micheli haukukubaliwa mara moja. Linnaeus mwenyewe, ambaye tumezoea kumheshimu kama baba wa uainishaji, hakuwahi kuridhika na kuvu. Katika Species Plantarum aliziweka mwishoni kabisa mwa mimea, katika ngeli ya 24, pamoja na miani, kuvumwani na kangaga, yaani mimea yote ambayo uzazi wake ulikuwa umefichika. Baadaye, katika toleo la 12 la Systema Naturae, aliingiza miongoni mwa wanyama wadogo jina la Chaos fungorum, kwa kufuata dai la wakati ule kwamba spora za kuvu zikitiwa majini hugeuka vijidudu. "Chaos" ni vurugu. Mpangaji mkuu wa viumbe alipofika kwenye kuvu alilazimika kufungua fungu la vurugu.

PERSOON NA FRIES

Aliyeanza kuitoa elimu hii katika vurugu alizaliwa barani Afrika. Christiaan Hendrik Persoon alizaliwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1761, akapelekwa Ulaya angali mtoto kwa ajili ya masomo, wala hakurudi tena. Kitabu chake Synopsis Methodica Fungorum kilitoka mwaka 1801. Persoon aliishi miaka yake ya mwisho mjini Paris katika ufukara, na mkusanyo wake wa kuvu aliukabidhi kwa serikali ya Uholanzi ili apate posho ya kujikimu. Alifariki mwaka 1836. Mkusanyo huo umehifadhiwa Leiden, na watafiti huurejea mpaka leo.

Baada yake alikuja Elias Fries wa Uswidi, aliyeishi kutoka 1794 hadi 1878. Kitabu chake Systema Mycologicum, kilichotoka kwa sehemu kati ya 1821 na 1832, kilikuwa kwa elimu ya kuvu kama kamusi kubwa ya kwanza ilivyo kwa lugha. Fries aliigawa familia ya kuvu kwa umbo, kwa rangi ya spora, na kwa sura ya upande wa chini, mambo yote ambayo mtu aliweza kuyaona kwa jicho lake mwenyewe. Kuvu ngumu zenye vitundu alizikusanya kwa wingi chini ya jina Polyporus. Mwaka 1849 alilitenga kundi la rafu za miti zilizo nene na zenye kuishi miaka mingi, akaliita Fomes, na ndani yake imo Fomes fomentarius, kuvu yenye umbo la kwato ya farasi.

Kuvu hii yastahili maneno machache. Nyama yake ya ndani ikipondwa na kukaushwa hushika cheche inayorushwa na jiwe la gumegume, na hufuka polepole bila kuzimika. Watu wa Ulaya waliitumia hivyo kwa maelfu ya miaka kabla ya kiberiti. Mwaka 1991 ulipopatikana katika barafu ya milima ya Alps mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, miongoni mwa vitu alivyokuwa amevibeba kulikuwa na kuvu hii, pamoja na vipande vya uyoga mwingine wa namna ya rafu uotao juu ya mti wa betula. Mtu yule hakuwa na haja ya kujua jenasi wala familia. Aliujua uyoga wake kwa kazi yake. Hivyo ndivyo majina ya kienyeji yanavyozaliwa mahali popote: kazi kwanza, ukoo baadaye.

Uzito wa Fries ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kwa miaka mingi sheria ya kimataifa ya majina ilikubali majina ya kuvu nyingi kuanzia kitabu chake cha 1821, si kuanzia Linnaeus. Ni katika mkutano wa Sydney wa mwaka 1981 ambapo wataalamu walikubaliana kurudisha mwanzo huo hadi 1753, huku majina yaliyokubaliwa na Persoon na Fries katika vitabu vyao maalum yakipewa kinga. Tunataja jambo hili kwa makusudi. Watu waliokuwa na uhuru wa kufuta na kuanza upya walichagua njia ya kuyalinda majina yaliyokwisha kuzoeleka.

HADUBINI YALIVUNJA JENGO

Mpango wa Fries ulikuwa mwepesi kutumia, na hilo ndilo lililoufanya udumu. Kasoro yake ilidhihirika pale hadubini zilipokuwa bora. Mwaka 1881 Petter Adolf Karsten wa Finland alitenga jenasi ya Ganoderma kwa ajili ya uyoga rafu wenye ngozi ing'aayo kana kwamba umepakwa vanishi. Mwaka 1889 Mfaransa Narcisse Patouillard alionyesha kwamba alama iliyo ya hakika zaidi si mng'aro wa ngozi bali ni spora zenye kuta mbili, zilizokatika ncha upande mmoja. Kwa alama hiyo, uyoga usiong'aa kama ile Ganoderma applanatum uliingia katika jenasi moja na ule ung'aao. Jicho tupu lilikuwa limewatenga ndugu.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa mwaka 1932 na E. J. H. Corner, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika bustani ya mimea ya Singapore. Corner aliupasua uyoga mmoja wa nchi za joto, ambao siku hizi huitwa Microporus xanthopus, akafuatilia uzi mmoja mmoja. Aliona kwamba ugumu wake unatokana na nyuzi za namna tatu: nyuzi za uzazi, ambazo huzaa nyingine zote, nyuzi za mifupa, zilizo nene na zilizonyooka, zinazobeba uzito, na nyuzi za kufungia, zilizo na matawi mengi, zinazozisokota nyingine pamoja. Yawezekana uyoga mmoja ukawa na namna moja tu, mwingine ukawa na mbili, na mwingine ukawa na zote tatu. Tangu hapo haikutosha tena kuuliza uyoga una umbo gani. Ilibidi kuuliza umejengwa vipi.

Uyoga ule wa Corner si mgeni kwetu. Ni mdogo, una umbo la kikombe bapa chenye miviringo ya rangi ya hudhurungi, umesimama juu ya kiguu cha manjano, na huota kwa wingi juu ya vijiti na matawi yaliyoanguka katika misitu ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, kwa muda mrefu kuvu zetu zilisomwa mbali na mahali zilipoota. Wakati wa utawala wa Kijerumani vielelezo vilipelekwa Berlin, ambako Paul Hennings alieleza kuvu nyingi za Afrika; vingine baadaye vilipelekwa Kew, nchini Uingereza. Kitabu kilichokusanya kuvu zenye vitundu za Afrika Mashariki mahali pamoja, kilichoandikwa na Leif Ryvarden na Inger Johansen, kilitoka Oslo mwaka 1980. Mwaka 2003 kilitoka kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania kilichoandikwa na Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na Mtanzania Leonard Mwasumbi. Vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa lugha ya Kiswahili anayetaka kuvitumia hana budi kwanza kuunda maneno ya kuvifasiria.

HIMAYA YA PEKE YAKE

Mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker alipendekeza viumbe vigawanywe katika himaya tano, na kuvu zikapewa himaya yao wenyewe. Hoja yake haikuwa umbo bali namna ya kujilisha: mmea hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, mnyama humeza, kuvu hufyonza. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata ulikwenda mbali zaidi. Mwaka 1993 zilitolewa hoja zenye nguvu kwamba kuvu na wanyama ni jamaa wa karibu kuliko kuvu na mimea. Kwa maneno mengine, uyoga uliochomoza katika mwembe una udugu zaidi na mwenye shamba kuliko na mwembe wenyewe.

Sheria za majina zilichelewa kuifuata elimu. Mpaka mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011, kuvu zilipewa majina chini ya kanuni zilizoitwa za botania, yaani za elimu ya mimea. Katika mkutano huo jina la kanuni lilibadilishwa, zikaitwa kanuni za miani, kuvu na mimea. Badiliko hilo la jalada, ambalo huenda likaonekana dogo, lilichukua zaidi ya miaka arobaini baada ya Whittaker.

Kadhalika vinasaba vimeonyesha kwamba umbo la rafu limezuka mara nyingi katika koo mbalimbali. Sehemu kubwa ya uyoga rafu imo katika oda ya Polyporales, lakini jenasi ya Phellinus imo katika oda nyingine, na Gloeophyllum katika nyingine tena. Kwa upande wa pili, jenasi ya Lentinus, ambayo ina mbamba na kwa Fries ilikuwa mbali na zenye vitundu, imeonekana kuwa jirani wa karibu wa Polyporus. Popo na ndege wote wana mabawa, wala hakuna awahesabuye ndugu. Ndivyo ilivyo kwa rafu hizi.

Ukosefu wa uangalifu katika majina una gharama hata sokoni. Uyoga uitwao na Wachina lingzhi, utumikao kama dawa ya jadi kwa karne nyingi, kwa muda mrefu uliitwa na wanasayansi Ganoderma lucidum. Jina hilo asili yake ni kuvu iliyoelezwa na William Curtis mwaka 1781 kutokana na mimea ya London na pembezoni mwake. Uchunguzi ulionyesha kuwa uyoga wa China ni spishi tofauti, na mwaka 2012 ulipewa jina la Ganoderma lingzhi. Nalo halikupita bila ubishi, kwa kuwa wako wataalamu wanaoona kwamba jina jingine la Kichina lilitangulia. Huku kwetu vidonge na kahawa yenye unga wa Ganoderma huuzwa mijini, na mara nyingi jina la zamani ndilo lililochapwa kwenye kifurushi. Mnunuzi hawezi kujua kwa jina hilo pekee ni spishi ipi anayokunywa. Mtumishi wa serikali anayekagua bidhaa hizo naye anahitaji jina linaloelekeza kwenye kitu kimoja tu.

ISTILAHI ZETU

Sasa turudi nyumbani. Tangu kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na hususan tangu kutoka kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, lugha yetu imepata ngazi za kuainishia viumbe: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Mwanasarufi ataona kwamba neno "ngeli" ni la kwake pia, wala si vibaya, kwa kuwa katika elimu zote mbili maana yake ni fungu la vitu vyenye alama moja.

Wapo watakaosema kwamba sarufi yenyewe imekwisha kuamua: miti na mimea imo katika ngeli ya m-/mi-, na uyoga haumo, kwa hiyo wazee wetu walijua kwamba uyoga si mmea. Hoja hii yavutia lakini haisimami. Ulezi, ufuta na uwele ni mimea bila shaka, na majina yake yana kiambishi kile kile cha u-. Ngeli za sarufi hazikuundwa kuwa ngeli za biolojia, na hatuna haki ya kuzitoza ushahidi zisiokuwa nao.

Hoja iliyo bora ni ya matumizi. Katika Kiswahili cha kila siku, "uyoga" ni kile kionekanacho na kushikika. "Kuvu" ni kile kinachoenea na kuharibu, kama katika mkate uliofanya kuvu. Tofauti hii ya wasemaji inalingana vizuri na tofauti ya wataalamu kati ya kiungo cha uzazi na kiumbe kizima. Kwa hiyo twapendekeza "kuvu" libaki jina la himaya na la kiumbe, na "uyoga" liwe jina la kiungo kikubwa kionekanacho. Neno "fangasi", ambalo limekwisha kushika maana ya maradhi ya ngozi katika masikio ya wengi, na liachwe huko huko hospitalini.

Je, tofauti hii ina faida yoyote nje ya kamusi? Tuseme bwana shamba ameletewa kijikaratasi cha kufasiri kinachoeleza ugonjwa wa kuoza kwa miti. Akiandika "ondoeni uyoga kwenye miti yenu", mkulima atachukua panga, atabandua rafu zote, na ataamini kwamba ameuponya mti, kumbe kiumbe kimo ndani ya shina kinaendelea kula. Mwaka unaofuata tawi litaanguka juu ya paa la nyumba. Lakini akiandika "uyoga huu ni dalili kwamba kuvu imekwisha kuingia ndani ya mti", mkulima atajua kwamba la kuamua ni kama mti ukatwe au uachwe. Na kwa bwana misitu maneno hayo hayo yana maana nyingine: mti wenye uvungu msituni ni nyumba ya hondohondo, na kuvu iliyouchimba imefanya kazi ambayo ndege yule hawezi kuifanya.

Limebaki jina la uyoga wenyewe. Majina matatu yanajitokeza. La kwanza ni "uyoga gogo", kwa kutazama makazi. Kasoro yake ni kwamba upo uyoga laini mwingi uotao juu ya magogo, na zipo rafu nyingi ziotazo juu ya miti hai. La pili ni "uyoga vitundu", ambalo lingekuwa tafsiri ya Polyporus. Kasoro yake ni ile ile ya Linnaeus: upo uyoga laini wa ardhini wenye vitundu usiohusika, na zipo rafu zisizo na vitundu. La tatu ni "uyoga rafu", kwa kutazama umbo. Nalo lina kasoro: neno "rafu" linatumika pia kwa mchezo mbaya uwanjani, na umbo, kama tulivyoona, si ushahidi wa ukoo.

Pamoja na hayo, twaona hili la tatu ndilo lifaalo, kwa sababu ndilo pekee lisilodai zaidi ya linachoweza kutoa. Asikiaye "uyoga rafu" anaelewa papo hapo kwamba ametajiwa umbo. "Uyoga vitundu" lingedai kuwa jina la ukoo, na ukoo huo umekwisha kuvunjika. Maana ya uwanjani haitaleta utata, maana hakuna atakayedhani kwamba uyoga umemkwatua mwenziwe. Palipo na haja ya kutaja ukoo, mwandishi na atumie jina la kisayansi la Kilatini kama lilivyo, bila ya kulitafsiri. Na palipo na haja ya kutaja spishi moja iliyo maarufu, wenyeji wa mahali na waulizwe kwanza kabla ya sisi kukaa mezani na kubuni.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kuvu hizi zilianza kama mzizi, zikawa mmea wa mwisho kabisa, zikaingia kwenye fungu la vurugu, zikapangwa kwa jicho, zikapangwa upya kwa hadubini, na hatimaye zikapata himaya yao na udugu usiotarajiwa na wanyama. Katika safari yote hiyo, majina yaliyodumu ni yale yaliyoeleza jambo moja na kuliacha hapo. Yaliyovurugika ni yale yaliyobebeshwa maana mbili, au yaliyonyang'anywa wenyewe.

Istilahi si mwisho wa elimu, ni mlango wake. Mwanafunzi atakayefundishwa leo kwamba uyoga ni mmea atalazimika kesho kubomoa alichojengewa kabla hajajenga kingine. Walimu wanaweza kulirekebisha hilo katika somo moja tu, na wafasiri katika kijikaratasi kimoja. Mapendekezo yaliyotolewa humu yamewekwa mbele ya wasomaji ili yapimwe, na yeyote aliye na jina la uyoga huu litumikalo katika mtaa, kijiji au msitu wake anaombwa alilete, kwani jina lililokwisha kukaa vinywani mwa watu lina uzito kuliko lile lililotungwa mezani.